Somo la Jamii Lililo Mlangoni Petu

Mwanafunzi mmoja wa gredi ya tano hapa Msambweni alitusomea kwa moyo, bila kukosea neno, shughuli za kiuchumi za nchi yetu: kilimo, uvuvi, uchimbaji madini, utalii. Tulipomuuliza babu yake alifanya kazi gani ujanani, akanyamaza. Babu huyo, ambaye twasali naye safu moja, alikata miwa ya kiwanda cha sukari cha Ramisi hadi kilipofungwa mwaka 1988.

Hatumlaumu mtoto. Sisi tuliolelewa chuoni twaijua thamani ya kuhifadhi. Lakini Qur'ani huhifadhiwa kwa kuwa ni maneno yasiyobadilika, ilhali habari za jamii ni za kutazamwa, kuulizwa na kupimwa. Wengi wetu, tukiri, tumeyafundisha yote mawili kwa fimbo moja.

Mwalimu wake alipopata habari hii aliwapa wanafunzi swali moja la kumpelekea mzee wa nyumbani: kiwanda kilipofungwa, mlikula nini? Majibu hayakufanana. Mmoja alirudi baharini kuvua, mwingine akaenda Diani kutafuta kazi ya hoteli, bibi mmoja akasuka makuti na kuyauza. Juu ya sababu ya kufungwa, wazee walipingana kabisa. Mwalimu hakuamua nani mkweli. Aliyaandika majibu yote ubaoni, kisha akauliza: nani alikuwapo, na nani alisimuliwa? Wenzetu waliosoma elimu ya Hadithi watalitambua swali hilo.

Mafundisho haya hayahitaji fedha nyingi. Pale Diani, mto Mwachema unapoingia baharini, Msikiti wa Kongo umesimama kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Watoto na waulizwe chokaa hiyo ilichomwaje kabla ya saruji kufika. Gazi nako, mradi wa Mikoko Pamoja huuza hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na mapato yake yamewapa wanakijiji maji na kuzisaidia shule. Mazingira, biashara na uongozi vimo katika tope moja.

Walimu hulalamika kwamba muda hautoshi, nao wana haki. Basi sehemu ya kazi ni yetu wazazi: mtoto akija na daftari baada ya Magharibi, tusimwambie aende akacheze.

Mmoja wa wazee walioulizwa tumekwisha mzika. Maneno yake yamo katika daftari la mjukuu wake, kurasa mbili, kwa kalamu ya risasi.