Jungle: Ngoma Inakimbia, Besi Inatembea

Msomaji, juzi nusura nikosane na kaka yangu mkubwa kwa sababu ya albamu moja. Yeye ni mtu wa rege ya kale: Burning Spear, Culture, basi. Mimi nikaweka Jungle Revolution ya Congo Natty, iliyotoka mwaka 2013. Ngoma zilipoanza kumiminika, akaja juu: "We dogo, zima hizo kelele! Rege wameichinja!"

Nikamwambia, "Kaka subiri, huyu jamaa si wa kuokota." Zamani aliitwa Rebel MC, kijana wa London. Mwaka 1989 alitamba Uingereza na Street Tuff, ikafika namba 3. Angeweza kubaki huko kwenye pop akila kuku kwa mrija. Yeye akageukia mizizi: imani ya Rasta na wale waghani wa rege wenye midomo mikali, akawapandisha juu ya ngoma za kompyuta.

Siri yenyewe ni hesabu. Ngoma za jungle hukimbia kama mapigo 160 kwa dakika. Lakini besi huhesabu nusu yake, 80, mwendo uleule wa rege. Ukicheza kwa kufuata ngoma, utahema. Fuata besi uone utakavyoyumba taratibu.

Kaka nikamwomba asikilize chini tu, kwenye besi. Wimbo wa pili, kichwa kikaanza kutikisika, ingawa mdomo bado ulikataa.

Asubuhi yake nikaitafuta spika yangu. Nikaikuta chumbani kwake, inanguruma. Sasa nani alisema rege imechinjwa?