Upana wa kikosi hupimwa kwa mchezaji wa 30, si kwa nyota

MARLION Pickett alipoingia katika uwanja wa Melbourne Cricket Ground (MCG), Septemba 28, 2019, hakuwa amewahi kucheza hata dakika moja katika ligi kuu ya mpira wa Australia, AFL. Mechi yake ya kwanza ilikuwa Fainali Kuu, mbele ya watazamaji 100,014.

Alikuwa na umri wa miaka 27. Tangu Keith Batchelor wa Collingwood mwaka 1952, hakuna mchezaji mwingine aliyekuwa ameianza ligi hiyo siku ya fainali.

Klabu yake, Richmond, iliichapa Greater Western Sydney (GWS) kwa pointi 114 kwa 25. Pickett aliushika na kuutoa mpira zaidi ya mara 20, akafunga goli moja, na jioni akavishwa medali ya ubingwa kama wenzake wenye mechi 200.

Je, timu inayomwita mgeni siku ya fainali imeishiwa watu, au ina watu wa kutosha kiasi kwamba hata wa mwisho katika foleni anafaa? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza maana ya kile ambacho wachambuzi wa michezo hukiita upana wa kikosi.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huo, mpira wa Australia huchezwa kwa mikono na miguu katika uwanja wa duara la yai, mkubwa kuliko ule wa soka. Kila timu huwa na watu 18 uwanjani kwa robo nne, na kila robo ina dakika 20 bila kuhesabu muda mpira unaposimama. Goli ni pointi sita. Mpira ukipita pembeni mwa milingoti ya kati, ni pointi moja.

Viungo hukimbia zaidi ya kilomita 12 katika mechi moja, na migongano ya miili ni sehemu halali ya mchezo. Kwa sababu hiyo majeruhi si ajali ya msimu. Ni jambo ambalo kila kocha hulipangia kabla ya mechi ya kwanza.

Mwaka 2019 kila timu ilitaja wachezaji 22 kwa siku ya mechi, na tangu 2023 idadi hiyo ni 23. Wachezaji hubadilishana kutoka benchi mara nyingi, lakini si bila kikomo: mara 90 kwa mechi mwaka 2019, na 75 tangu mwaka 2021. Kadiri kikomo kinavyoshuka, ndivyo miguu iliyochoka inavyobaki uwanjani.

Tofauti kubwa na soka iko katika usajili. Klabu ya soka iliyoumiwa na washambuliaji wawili husubiri dirisha dogo na kwenda sokoni na fedha. Katika AFL hakuna soko la namna hiyo. Kuna kikomo cha mishahara kwa klabu zote, wachezaji hubadilishana klabu baada ya msimu kwisha, na vijana wapya hugawanywa kwa drafti ambayo timu iliyoshika mkia huchagua kwanza.

Kwa maneno mengine, klabu huanza msimu ikiwa na wachezaji zaidi ya 40 katika orodha yake, na hao ndio itakaokwenda nao vitani. Mlango mdogo uliofunguliwa mwaka 2019, yaani drafti ya katikati ya msimu, ndio aliopitia Pickett mwezi Mei akitokea South Fremantle, huku akiuguza kidole kilichovunjika.

Hapo ndipo kosa la kwanza la kuukadiria upana hufanyika. Mashabiki wengi huhesabu majina. Huona orodha yenye watu 40, hutoa 22 wa kwanza, kisha husema wanaobaki wanatosha. Hesabu hiyo haina maana, kwa sababu kiungo mfupi wa mbio hawezi kuziba pengo la mlinzi wa urefu wa mita mbili.

Upana hupimwa kwa nafasi. Anayetaka kuujua ukweli huchukua kila kazi ya uwanjani, huondoa jina la kwanza, kisha hutazama la pili na la tatu. Mara nyingi viungo wa akiba watakuwa wengi. Tatizo hujitokeza kwa warefu: mlinzi wa kati, mshambuliaji wa kati na rakimani, yule anayeruka kuupigania mpira mwamuzi anapourusha juu. Vijana warefu huchukua miaka kadhaa kukomaa kimwili, na klabu nyingi hujikuta na mmoja aliyekomaa na wawili wasioweza bado kuhimili kishindo.

Richmond walipewa mtihani huo mapema mno. Katika mechi ya kwanza kabisa ya msimu wa 2019, dhidi ya Carlton, mlinzi wao Alex Rance alichanika kano ya goti na msimu wake ukaishia hapo. Rance alikuwa ameteuliwa katika kikosi bora cha mwaka mara tano mfululizo, kuanzia 2014 hadi 2018.

Hakuna klabu yenye Rance wa pili. Kocha Damien Hardwick hakumtafuta. Kazi ya Rance iligawanywa: Dylan Grimes alipewa washambuliaji hatari zaidi, naye Nick Vlastuin akaachiwa kazi ya kuisoma na kuikata mipira mirefu hewani. Mwisho wa msimu Grimes mwenyewe aliingia katika kikosi bora cha mwaka.

Mbele, Jack Riewoldt alikosa mechi nyingi kwa majeraha ya mkono na goti, lakini Tom Lynch alikuwa amesajiliwa kutoka Gold Coast na akafunga magoli 63. Rakimani Toby Nankervis alipoumia, Ivan Soldo alibeba mzigo. Nahodha Trent Cotchin naye alitoka na kurudi kwa maumivu ya msuli wa paja.

Isidhaniwe kwamba mambo yalikwenda kwa ulaini. Kabla ya mapumziko ya katikati ya msimu Richmond walipoteza mechi tatu mfululizo, wakabaki na ushindi saba na vipigo sita. Wakati huo wengi waliwaandika kuwa wamekwisha, na aliyetazama matokeo peke yake hakuwa na sababu ya kusema vinginevyo.

Lakini wiki hizo za vipigo ndizo zilizowapa vijana mechi. Wakongwe waliporudi mmoja baada ya mwingine, kikosi hakikuwa tena na watu 22 wa kuaminika, bali zaidi ya 30. Richmond hawakupoteza mechi nyingine mwaka huo. Walishinda tisa zilizobaki za ligi na tatu za mtoano.

Kipimo cha pili, ambacho wasomaji wa magazeti hukipuuza kwa kuwa hakipewi nafasi kubwa, ni timu ya akiba. Wachezaji wa Richmond wasiochaguliwa hucheza katika ligi ya jimbo la Victoria, VFL, wakivaa jezi ileile. Wakifundishwa mfumo uleule, mtu anayepanda hahitaji wiki sita za kujifunza wenzake wanakimbilia wapi.

Mwaka 2019 timu hiyo ya akiba ilitwaa ubingwa wa VFL kwa kuifunga Williamstown, na Pickett akachaguliwa mchezaji bora wa fainali hiyo. Katika wiki hiyohiyo Jack Graham, aliyeteguka bega katika nusu fainali dhidi ya Geelong na bado akacheza hadi mwisho, alithibitika kuwa hafai kwa Fainali Kuu. Nafasi moja ikawa wazi.

Kwa hiyo Pickett hakuwa bahati nasibu. Alikuwa mtu wa mwisho katika foleni iliyopangwa vizuri, na alifika mbele yake akiwa katika hali bora ya maisha yake.

Ukweli unadai GWS nao watendewe haki. Wao pia walifika fainali bila Callan Ward, aliyeumia goti mapema katika msimu, na bila Stephen Coniglio, ambaye goti lake liliumia mwezi Julai dhidi ya Richmond haohao. Katika nusu fainali walimkosa Toby Greene kwa adhabu na Lachie Whitfield kwa ugonjwa, na bado waliwafunga Collingwood.

Timu isiyo na upana isingeweza kufanya hivyo. Ila upana nao una mwisho wake. Kikosi kinaweza kuziba mapengo kwa wiki mbili au tatu, kisha siku moja mapengo yote yakafunguka pamoja, na ndivyo ilivyokuwa MCG. Kipigo cha pointi 89 hakielezwi na majeruhi peke yake.

Nyuma ya hesabu hizi wapo watu. Kwa kanuni za ligi hiyo, medali ya ubingwa hupewa waliocheza Fainali Kuu tu. Rance na Graham waliushuhudia ubingwa wa 2019 bila kuvaa medali yake.

Miaka mitatu kabla, nahodha wa Western Bulldogs, Bob Murphy, alichanika kano ya goti katika raundi ya tatu. Klabu yake ilipata majeruhi wengine wengi, ikamaliza ligi ikiwa ya saba, kisha ikatwaa ubingwa wake wa kwanza tangu 1954. Kocha Luke Beveridge alimwita Murphy jukwaani na kumvisha medali yake mwenyewe ya ukocha. Timu ya akiba ya Bulldogs, Footscray, nayo ilikuwa bingwa wa VFL mwaka huo wa 2016, jambo ambalo halikuwa sadfa.

Waliofungwa siku hiyo, Sydney Swans, walikuwa wameongoza msimamo wa ligi. Walikwenda fainali bila mlinzi Aliir Aliir, aliyeumia goti katika nusu fainali. Aliir, kijana wa wazazi wa Sudan Kusini, alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na kufika Australia akiwa mtoto. Sydney walipoteza kwa pointi 89 kwa 67.

Safari yake iliyofuata inafundisha jambo ambalo orodha za majina haziwezi kulionyesha. Kwa Sydney hakuwa na uhakika wa nafasi, akaingia na kutoka. Alihamia Port Adelaide mwishoni mwa 2020, na mwaka uliofuata akateuliwa katika kikosi bora cha mwaka. Aliyeonekana kuwa ziada katika klabu moja alikuwa nguzo katika nyingine, na kuna kila sababu ya kuamini kwamba kila benchi la AFL lina mtu mmoja wa aina hiyo.

Hilo ndilo linaloufanya upana kuwa mgumu kuutunza. Mchezaji wa 25 mwenye uwezo hataki kubaki wa 25 milele. Klabu zenye nafasi humwita, kikomo cha mishahara huizuia klabu yake kumpa zaidi, naye huondoka. Timu inayoshinda huchagua mwishoni katika drafti, kwa hiyo anayechukua nafasi yake huwa mdogo na hafifu kuliko aliyetoka.

Richmond waliipata gharama hiyo kwa ukamilifu. Walichukua ubingwa tena mwaka 2020, kisha umri ukaanza kuwala. Mwaka 2024 walishika mkia, nafasi ya 18, wakiwa na ushindi wa mechi mbili tu katika msimu mzima. Dustin Martin, mchezaji bora wa Fainali Kuu za 2017, 2019 na 2020, alistaafu, na Pickett pia.

Msimu ulipokwisha, Shai Bolton alikwenda Fremantle, Daniel Rioli Gold Coast, na Liam Baker West Coast. Graham, yule wa bega, naye alihamia West Coast. Richmond walichukua vijana wengi katika raundi ya kwanza ya drafti, wa kwanza kabisa akiwa Sam Lalor, na wakaanza upya kuhesabu nafasi moja moja, kuanzia kwa warefu.