Banda la Kuku Hupimwa kwa Kuchuchumaa

Kuku wa mayai huishi sehemu kubwa ya siku yake ndani ya sentimita 40 za kwanza kutoka sakafuni. Hapo ndipo anapokula, anapokunywa, anapoparura na kuvuta pumzi. Anayemjengea banda husimama mlangoni, akavuta hewa ya usawa wa kifua chake, akaridhika. Makosa mengi ya mfugaji anayeanza mjini Gisenyi, Rwanda, huzaliwa katika tofauti hiyo ya kimo, ndiyo maana banda hupangwa kuanzia chini kwenda juu.

Gisenyi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460, kando ya Ziwa Kivu, pembeni mwa uwanda wa mawe meusi ya volkeno unaopanda hadi mlima wa volkeno wa Nyiragongo. Ng'ambo ya mpaka wa Kongo, hasa magharibi ya Goma kuelekea Sake, mazuku inajulikana vizuri: gesi ya kabonidayoksaidi inayopenya kwenye nyufa za ardhi na kutuama mabondeni. Ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, haina rangi wala harufu. Usiku usio na upepo hujikusanya, mchana upepo ukaitawanya. Mbuzi huweza kufa mahali ambapo mtu aliyesimama hajahisi kitu, na kuku ni mfupi kuliko mbuzi. Basi banda halijengwi kwenye kijibonde cha nyuma ya nyumba, hata kama ndiyo nafasi pekee iliyobaki, na sakafu huinuliwa walau sentimita 30 juu ya ardhi. Kuinua huko huzuia maji pia, jambo ambalo wakazi wa kando ya mto Sebeya hawahitaji kuelezwa tangu mafuriko ya Mei 2023. Lakini mwenye kiwanja chembamba kilichobanwa na kuta za majirani, asiye na kipimo chochote, atajuaje kama ardhi yake inatoa gesi?

Juu ya kokoto za volkeno zilizoshindiliwa hupakwa saruji nyembamba, na juu ya saruji hutandazwa maranda ya mbao yenye unene wa sentimita 5 hadi 10. Vumbi laini la msumeno halifai: huwakereketa kuku kooni, na vifaranga hulila. Maranda hujaribiwa mkononi. Yakifinywa yakabaki donge, yameloa. Yakishikamana kidogo kisha yakaachia, yako sawa. Hugeuzwa kila wiki, na sehemu iliyoloa huondolewa siku hiyohiyo.

Kuhusu hewa, wanaoanza hudhani adui ni baridi. Usiku wa Gisenyi huweza kushuka hadi nyuzi 15 hivi, upepo ukiteremka kutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na mwenye huruma huziba kila tundu kwa magunia na karatasi za nailoni. Huruma hiyo ndiyo inayoua. Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi na hulala salama katika ubaridi huo. Asichokiweza ni unyevu. Kuku 50 hunywa lita 10 hadi 12 kwa siku, na sehemu kubwa ya maji hayo hurudi ndani ya banda kwa pumzi na kinyesi. Banda likizibwa, maji hayo hufanya matone kwenye mabati, maranda huloa, na kinyesi kilicholoa hutoa amonia pale pale puani mwa kuku.

Kwa hiyo ukuta wa matofali huishia kwenye kimo cha mita moja, na kuanzia hapo hadi darini ni wavu. Pazia la turubai hufungwa kwa chini, juu ya ukuta, si kwa juu kama la dirisha la nyumbani. Huvutwa kwa kamba kutoka chini kwenda juu, na hata usiku wa baridi kali huacha upenyo wa sentimita 30 chini ya paa. Upepo haumpigi kuku aliyelala, na hewa chafu yenye joto hupanda na kutoka. Pazia lililotundikwa kwa juu hufanya kinyume kabisa: likifunguliwa kidogo kwa chini, humpulizia kuku ubaridi na kuibakiza hewa chafu darini. Turubai ni lilelile, kamba ni ileile, na mahali linapofungwa tu ndipo panapoamua kama kuku ataamka na macho mekundu.

Kipimo cha kazi hii hakinunuliwi. Alfajiri, kabla ya kushusha pazia, mfugaji mzoefu huingia na kuchuchumaa mara moja, uso wake ukiwa usawa wa mgongo wa kuku, akavuta pumzi. Pumzi ya kwanza ndiyo yenye ukweli, kwa kuwa pua huzoea haraka. Binadamu huanza kunusa amonia ikiwa kati ya sehemu 10 na 20 katika milioni. Ikifika 25, njia ya hewa ya kuku iko hatarini. Ikiwasha macho, hali imeharibika zamani.

Vifaranga ndio wanaohitaji joto: nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, likipunguzwa karibu nyuzi tatu kila wiki. Imbabura, yaani jiko la mkaa, hutumika sana, na ndiyo inayolazimu upenyo wa juu ubaki wazi, maana monoksidi ya kaboni inayotoka humo haisikiki puani. Wigo wao huwa wa duara, ili wasirundikane pembeni na kukanyagana.

Vichanja vya kulalia huwekwa kwenye kimo cha sentimita 50 hadi 80, vya miti ya mikaratusi iliyomenywa magome, kwani utitiri mwekundu hujificha kwenye magome mchana na kunyonya damu usiku. Kila kuku hupewa sentimita 15 hadi 20 za kichanja. Viota, kimoja kwa kuku wanne au watano, huwekwa chini kuliko vichanja. Vikiwa juu, kuku hulala humo na mayai huchafuka. Vichanja na viota hufungwa imara ukutani. Mitetemeko iliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ilipasua nyumba za Rubavu, wilaya ulipo mji wa Gisenyi, na rafu isiyofungwa huangukia wasiojua pa kukimbilia.

Vyombo vya maji na chakula hukaa usawa wa mgongo wa kuku, cha maji kikiwekwa juu ya wavu wenye kokoto chini yake ili kinachomwagika kisifikie maranda.

Mtagaji anahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16, na Gisenyi, iliyo chini ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta, hupata mchana wa saa 12 mwaka mzima. Taa huongezwa alfajiri. Ikiongezwa jioni kisha ikazimwa ghafla, kuku hukwama sakafuni gizani bila kuona kichanja.

Mwisho ni mlango, wenye chombo cha dawa ya kukanyagia. Kuku wengi wa hapa huishia Goma, na mnunuzi huja na matenga yaliyopita masoko kadhaa, akitaka kuingia achague mwenyewe. Mdondo, yaani kideri, husafiri kwa viatu na matenga hayo. Mwenye kuku 50 na deni la chakula ana nguvu gani ya kumkatalia mteja mwenye fedha mkononi? Mabanda yaliyopangwa vizuri huwa na kizimba kidogo nje, ambamo kuku wa kuuzwa hutolewa mapema, na aliyeingia kizimbani humo harudishwi ndani hata asiponunuliwa.