Rubani, Wingu na Dhana ya Uzoefu

Kila masika yanapoingia pwani, na kila Julai mawingu yanapovifunika vilima vya Ngong karibu na kiwanja cha Wilson, hunijia swali lile lile kutoka kwa abiria waliocheleweshwa, nao huliuliza kwa sauti ya watu waliodhulumiwa: vipi rubani wa miaka mingi, aijuaye njia ya Unguja na Pemba kama aijuavyo nyumba yake, ashindwe kupenya wingu la dakika tano? Nimelijibu kwa upole muda mrefu. Leo nitalijibu kwa ukali, kwa kuwa dhana iliyomo ndani yake imeua watu na ingali inaua.

Dhana yenyewe ni kwamba rubani mzoefu huitambua hali ya ndege kwa mwili wake, hata akifumba macho atajua kama mabawa yamelala au yako sawa. Hakuna mwanadamu aliyejaaliwa uwezo huo. Mwaka 1926 William Ocker, rubani wa jeshi la Marekani aliyekwisha kuruka zaidi ya miaka kumi, alikalishwa na daktari katika kiti cha kuzunguka, macho yamefumbwa: kiti kilipopunguza mwendo akasema kimesimama, na kiliposimama akasema kinazunguka upande wa pili. Hakupata jibu sahihi mpaka alipotazama ala ya kuonyesha mgeuko, wala uzoefu wake haukumfaa kitu.

Ndani ya sikio mna vifereji vyenye maji, na maji hayo ndiyo yatuarifuyo kwamba tunageuka. Lakini mgeuko ukianza polepole hayashtuki, na ukidumu hufuatana na vifereji vyake yakatulia, hata mtu akajiona yuko sawa ilhali ndege imelala ubavu. Ainyooshapo, huhisi inaangukia upande wa pili, akairudisha kule kule ilikokuwa. Pua hushuka, mwendo huzidi, naye huvuta usukani ili apande, na kwa kuwa ndege imelala, kuvuta huko huubana mzunguko tu, mpaka ardhi imkute. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Illinois la mwaka 1954, marubani 20 wasiofunzwa kuruka kwa ala walizuiwa wasione nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege, na wastani wa muda wao ulikuwa sekunde 178. Wingu la dakika tano, basi, ni refu kuliko uhai wa mtu wa namna hiyo.

Wapo pia wenye tiba zao. Nimeshauriwa, na watu wenye akili timamu, kwamba rubani atundike tasbihi au funguo mbele yake, zimwonyeshe chini ni wapi. Upuuzi mtupu! Ndege igeukapo barabara, nguvu ya mgeuko na uzito wa vitu huungana vikaelekea sakafu ya ndege, si ardhi; tasbihi itaning'inia wima juu ya sakafu hiyo, na maji ya bilauri hayatamwagika, hata kama bawa moja limeelekea baharini. Tasbihi nayo hudanganywa, kama sikio linavyodanganywa.

Ndiyo sababu uamuzi wa kuruka au kutoruka haugawanywi. Kanuni za anga zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944 zimempa rubani mkuu neno la mwisho juu ya ndege yake, na pamoja na neno hilo dhamana yote. Hawezi baadaye kujitetea kwamba mwenye ndege alihesabu hasara, au kwamba bwana harusi alikuwa akingojwa. Wala sikubali kwamba kumsihi rubani ni jambo dogo, maana aghalabu anayesihiwa ni kijana aogopaye kuitwa mwoga.

Njia za kulikabili wingu si za siri. Aliyefuzu kuruka kwa ala, katika ndege iliyotimia vifaa, hupata kibali cha mwongoza ndege, akaziamini ala zake, akakaa juu ya kimo salama cha milima na mbali na mawingu ya radi. Asiyefuzu hungoja, au huzunguka penye mwanga, akiwa na mafuta ya kumfikisha kiwanja kingine. Na kabla ya kuruka huweka kiwango cha mawingu na cha kuona mbali ambacho kikivunjwa hugeuka, angali akiiona ardhi. Akinaswa, macho yasitoke kwenye ala, anyooshe mabawa, ageuke taratibu arudi alikotoka, na amweleze mwongoza ndege ukweli bila haya. Abiria aliyeambiwa safari imeahirishwa aulize hali itatazamwa tena saa ngapi, awaarifu wanaomngoja, na asimwulize rubani mara ya pili.