Kutunza faili za siri kwenye CD: ushauri kwa familia na viongozi



Kamati za amani na viongozi wa wakimbizi wa ndani hutunza hati nyingi: orodha za familia, mapatano juu ya mashamba, ushuhuda wa watu waliotendewa mabaya. Zikipotea, mjane anayerudi Masisi atakosa cha kuonyesha kwamba shamba ni lake. Zikisomwa na mtu mbaya, shahidi anaweza kuuawa.

Sisi wa Goma tunajua kupoteza. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na tarehe 27 wakaaji wa mitaa mingi waliamriwa kuhama. Baada ya mapigano ya Januari 2025, kambi za Bulengo na Lushagala zilivunjwa mwezi wa Februari. Nakala moja haitoshi.

Kwa nini CD?

Ni nyepesi, bei yake ni ndogo, na haihitaji intaneti. CD hubeba megabaiti 700, DVD gigabaiti 4.7. Lakini kompyuta nyingi za leo hazina mahali pa kuingiza CD. Tafuteni kifaa cha nje kinachochomekwa kwa USB.

CD-R huandikwa mara moja, haifutiki. Inafaa kwa mapatano yaliyokwisha kutiwa sahihi. CD-RW inaweza kufutwa na kuandikwa tena karibu mara 1,000. Inafaa kwa orodha zinazobadilika.

Funga kwanza, ndipo uandike

Kusimba faili ni kuigeuza iwe alama zisizosomeka pasipo neno la siri. Programu ya VeraCrypt hufanya kazi hiyo bila malipo.

1. Tengeneza kwenye kompyuta unayoiamini sanduku la VeraCrypt lisilofika megabaiti 700. Tia faili ndani, lifunge.
2. Andika sanduku lililofungwa kwenye CD. Faili iliyo wazi usiiandike kamwe kwenye CD-R, maana hutaweza kuiondoa. Kwa CD-RW, ufutaji wa haraka huondoa orodha ya yaliyomo tu. Chagua ufutaji kamili.
3. Jaribu kuifungua CD kwenye kompyuta nyingine ya kuaminika.
4. Toa nakala mbili, ziwekwe sehemu mbili zilizo mbali.
5. Chagua maneno sita yasiyohusiana kuwa neno la siri. Walijue watu wawili, kwa sababu likisahauliwa hakuna fundi atakayelifungua sanduku.

Neno la siri likivuja, kulibadilisha kwenye CD mpya hakutoshi: CD za zamani bado zitafunguka kwa neno la zamani. Zikusanyeni, mzivunje vipande vidogo.

Utunzaji

Jua na joto huharibu CD-R. Vumbi la mawe yetu hukwaruza. Upande wa juu ndio dhaifu zaidi, kwani tabaka lenye habari liko karibu sana na uso huo. Tumia kalamu laini ya wino, si biki, na andika namba tu. Usiandike "ushuhuda".

Mpaka wa kinga hii

Mtu akiwekewa bunduki kichwani, atalitaja neno la siri, wala hatumlaumu. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kutokuandika yasiyo ya lazima. Katika ushuhuda weka namba badala ya jina, na orodha ya majina iwe kwenye CD nyingine, mahali pengine, kwa neno jingine la siri. Aliyetoa ushuhuda aulizwe kwanza kama anakubali utunzwe. Akikataa, usitunzwe.

Katika mkutano wenu ujao wa kamati, ulizeni maswali matatu: tuna hati gani, nani anazijua, na tukiondoka usiku huu zitabaki wapi?