Juu ya neno “whimper”, maana yake na matumizi yake



Wengi walituuliza juu ya neno la Kiingereza “whimper”. Walilikuta katika somo la kusoma, wakaenda kutafuta katika kamusi, wakarudi na majibu mbalimbali. Mmoja anasema ni kulia, mwingine kulalamika, mwingine kuugua. Basi sisi makapita wa darasa la mwisho tumeona ni vizuri tulieleze hapa, kwa maana neno hili si la kupita juu yake tu.

“To whimper” ni kutoa sauti ndogo, dhaifu, yenye kukatika-katika, kwa sababu ya maumivu, woga ao huzuni. Ni sauti ya mtoto mwenye homa ambaye hana tena nguvu ya kulia kweli. Ni sauti ya mbwa aliyevunjika mguu na amejificha nyuma ya jiko. Mara mingi anayelia hivyo hataki watu wasikie, lakini sauti inatoka tu.

Waingereza walianza kuliandika katika miaka ya 1500, na neno lenyewe linaiga sauti. Msome polepole: “wimpa”. Midomo inafungwa katikati, kwenye “m” na “p”, sawa vile mtu anayejizuia kulia. Ile “h” wengi hawaitamki. Tena muangalie mwisho wake, “-er”. Mwisho huo unapatikana katika maneno mengi ya Kiingereza yanayoonyesha sauti ao mwendo wa kurudia-rudia: “chatter”, “mutter”, “flutter”. Sisi kwetu tunafanya kazi hiyo kwa kutaja neno mara mbili: kulia-lia, kukatika-katika. Kwa hiyo tukisema “mtoto analia-lia chini-chini” tuko karibu sana na “whimper”, kupita kamusi nyingi.

Shida yetu inatoka wapi? Inatoka kwa sababu “kulia” ya Kiswahili ni pana sana. Mtoto analia, kengele inalia, ngoma inalia, ndege analia. Tukitaka kupambanua tunaongeza maneno: kulia machozi, kulia kwa kwikwi, kulia kwa sauti kubwa. Lakini Kiingereza kina kitenzi chake kwa kila namna. “Weep” inaangalia machozi. “Sob” inaangalia kifua na pumzi inayoruka. “Wail” ni kilio kikubwa cha matanga. “Whimper” inaangalia sauti ndogo peke yake. Mtu anaweza “weep” bila sauti hata moja. Mbwa anaweza “whimper”, lakini hakuna anayesema mbwa ana-“weep”. Na yule anayeandika katika insha yake kwamba wamama wali-“whimper” usiku kucha kwenye matanga anachekesha watu, kwa maana matanga ya kwetu yanasikiwa mpaka ng'ambo ya mto.

Lakini tusidhani Kiingereza kina neno kwa kila kitu. Mfungue Yohana sura ya 11. Katika Kiyunani, kitenzi cha mstari wa 33, juu ya Maria na Wayahudi, ni cha kulia kwa sauti. Kitenzi cha mstari wa 35, juu ya Yesu, ni kingine, kimetoka katika neno “machozi”. Biblia ya Kiingereza ya King James imetumia “weep” kwa yote mawili, na tofauti imepotea. Biblia ya Kiswahili ya Union iliongeza neno machozi pale mstari wa 35. Hapo Kiswahili chetu kilishinda.

Sasa kuna neno “cry”, na hapa tunaomba mwangalie sana. “Cry” ilitoka katika Kifaransa cha zamani, “crier”. Huko Uingereza ilichukua maana mbili: kupaza sauti na kulia. Kifaransa kilibaki na ile ya kwanza. “Il crie” maana yake anapiga kelele. Kulia ni “pleurer”. Jambo hili si la mtihani tu. Katika internati moja kapita mmoja alisikia mdogo wa darasa la kwanza akilia chini-chini usiku. Asubuhi akaandika ripoti yake kwa Kifaransa, na kwa kuwa “cry” ya Kiingereza ilikuwa ingali kichwani, akaandika kwamba mtoto ali-“crier” usiku. Mkuu wa nidhamu akasoma jinsi ilivyoandikwa: kelele kisha kengele ya kulala. Mtoto akapewa adhabu ya kukata majani mpaka saa sita. Alasiri akaanguka. Kule dispanseri wakaona ni malaria, na homa ilikuwa imeanza usiku ule ule. Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Lakini kama ripoti ingesema “il gémissait”, angepelekwa dispanseri asubuhi.

Neno lingine la kuogopa ni “whine”. Linafanana na “whimper” kwa sura, lakini liko na lawama ndani. Mtu anaye-“whine” ni mwenye kulalamika ovyo, sauti ya puani, watu wanamchoka. Kifaransa kina “pleurnicher”, ambalo pia lina dharau. Kamusi nyingine zinaweka “pleurnicher” kama tafsiri ya “whimper”. Kwa mtoto anayedeka inafaa. Kwa mgonjwa hapana, ni kumtukana. Muweke “gémir” ao “geindre”.

Kuna tena usemi “without a whimper”, maana yake bila kupinga hata kidogo. Timu ikifungwa mabao matano na haikujaribu hata mara moja kushambulia, Mwingereza anaweza kusema ilishindwa “without a whimper”. Mshairi T. S. Eliot alimaliza shairi lake The Hollow Men, la 1925, kwa neno hili hili, na tangu wakati huo wasomi wanapenda kulitumia kwa mambo makubwa yanayokwisha kinyonge.

Juu ya kuandika: “whimper, whimpered, whimpering”, “r” moja tu, kwa sababu mkazo uko kwenye silabi ya kwanza. Linaweza pia kuwa jina: “a whimper”, “a low whimper”.

Mjaribu kutafsiri hizi kwa Kiswahili na kwa Kifaransa:

The puppy whimpered at the door all night.
She wept, but nobody heard her.
Stop whining and wash your plate.

Majibu yaletwe kwa kapita wa kila darasa mbele ya Ijumaa. Jina liandikwe juu ya karatasi, tafadhali; mara iliyopita tulipata karatasi nyingi zisizo na mwenyewe.