Majina yasiyolingana yalivyomnyima mtu ugavana

Wapo wagombea wanaoangushwa na kura, na wapo wanaoangushwa na majina. David Lyon wa jimbo la Bayelsa, kusini mwa Nigeria, ni wa kundi la pili, na majina yaliyomwangusha hayakuwa hata yake.

Lyon, wa chama cha APC, alishinda uchaguzi wa ugavana wa Novemba 16, 2019 kwa kura 352,552. Douye Diri wa PDP alipata 143,172. Lakini Februari 13, 2020, siku moja kabla ya kuapishwa, Mahakama ya Juu mjini Abuja ilifuta ushindi huo. Kesho yake aliyeapishwa ni Diri.

Chanzo kilikuwa mgombea mwenza wa Lyon, Seneta Biobarakuma Degi-Eremienyo. Cheti chake cha shule ya msingi kilisomeka Degi Biobaragha, cha sekondari Adegi Biobarakumo, na vya chuo kikuu vilikuwa na majina mengine tena. Mahakama Kuu ilimwondoa siku nne kabla ya kura, rufaa ikamrudisha, Mahakama ya Juu ikamwondoa tena kwa kutoa taarifa za uongo kwa tume ya uchaguzi. Na kwa kuwa gavana na naibu wake huchaguliwa pamoja, akizama mmoja wamezama wote.

Marekani nako yamekuwepo. Januari 2024, Vanessa Joy, mgombea wa ubunge wa jimbo la Ohio aliyebadili jinsia, alienguliwa ingawa alibadili jina kisheria. Sheria ya jimbo hilo inamtaka mgombea ataje kila jina alilotumia katika miaka mitano iliyopita, isipokuwa lililobadilika kwa ndoa. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika jina la zamani. Mgombea mwingine wa huko huko, Arienne Childrey, aliachwa aendelee na wilaya nyingine.

Sisi tunaona kwamba si kosa kudai historia ya jina. Mpiga kura atajuaje shule aliyosoma mtu, au hukumu aliyowahi kupata, kama jina limekatika njiani? Lakini ukaguzi ufanyike mapema, na fomu iseme wazi kinachotakiwa. Kumwacha mwananchi apange foleni, apige kura, kisha ndipo vyeti vifunguliwe, ni kumwadhibu asiye na kosa.

Jambo hili linatuhusu tulio ughaibuni. Wengi wetu tuna jina la nyumbani, la shuleni, la ubatizo au la kusilimu, na jina ambalo karani wa uhamiaji aliliandika alivyolisikia. Wengine walibadili jina siku ya kula kiapo cha uraia wa Marekani, jambo linaloruhusiwa. Si sote tutagombea, lakini mirathi, pensheni na kiwanja kule nyumbani navyo huulizwa kwa jina.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, vitoe vyeti vyako leo na uvipange kimoja baada ya kingine. Pale jina linapobadilika, pawe na hati halali inayounganisha la zamani na jipya. Kama haipo, itafute sasa, kabla hakimu hajakuuliza.